Barua ya "shule yetu inakusudia kujiunga na trasti": niliyoyaona ndani ya kamati ya shule ya msingi England

Nyota_ya_Asubuhi (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Wazazi watatu wamenifuata faragha kuhusu barua waliyoletewa na watoto wao kwenye begi: shule ya msingi inakusudia kujiunga na trasti, wazazi mnakaribishwa kutoa maoni. Wote watatu wanauliza lilelile, "hii ni nzuri au mbaya?" Nimeona niandike uzi badala ya kumjibu mmoja mmoja.

Mimi ni mzazi. Nimekaa miaka minne kwenye kamati ya shule ya msingi hapa England, shule ndogo yenye mkondo mmoja kila darasa, na iliingia kwenye trasti nikiwa mjumbe. Nilipiga kura ya ndiyo. Leo ningepiga kura ileile, ila ningeuliza mambo ambayo siku ile sikujua kuyauliza. Maswali hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kwanza tuelewane trasti ni nini. Ni kampuni isiyogawa faida, yenye hadhi ya taasisi ya hisani, inayoongozwa na bodi ya wadhamini ambao kwa kawaida hawalipwi. Chini yake kuna shule mbili, saba, au hata zaidi ya hamsini. Shule ikiingia inaitwa akademi: fedha zake zinatoka serikali kuu moja kwa moja, hazipitii tena halmashauri. Akademi za kwanza zilifunguliwa 2002, na wakati huo zilikuwa dawa ya sekondari zilizokuwa taabani. Shule za msingi zilifunguliwa mlango na sheria ya 2010. Ndiyo maana hadi leo sekondari zaidi ya robo tatu ni akademi, wakati za msingi ni karibu nusu tu.

Sasa jambo ambalo barua haikuambieni. Kabla ya kujiunga, shule ina nafsi yake kisheria. Kamati yake inaweza kuingia mkataba, kushtaki, kushtakiwa. Ikishajiunga, nafsi hiyo inakwisha. Jina litabaki getini, sare itabaki, mwalimu mkuu anaweza kuwa yuleyule, lakini kisheria kilichopo ni trasti. Walimu wanahamia kwa mwajiri mpya (pensheni yao ya ualimu hawaipotezi, hilo nalisema mapema kwa sababu huwa linaogopesha watu). Ardhi ya shule, kama ilikuwa ya halmashauri, kwa kawaida inakodishwa kwa trasti kwa miaka 125. Na kamati ya shule, ile niliyokuwa nakaa, inabaki na madaraka yale tu ambayo bodi ya wadhamini imeamua kuishushia. Inaweza kuwa na mengi, inaweza kubaki ya kushauri tu.

Kwenye kikao chetu na wazazi, mtu wa trasti alirudia mara tatu, "Msiwe na wasiwasi, hakuna kitakachobadilika." Nilipiga makofi na wenzangu. Leo sentensi hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Kama hakuna kitakachobadilika, kwa nini tunatoa nafsi ya shule?

Nitaendelea kwenye posti inayofuata, maana sehemu nzuri ndiyo inakuja.

---

Nyota_ya_Asubuhi

Naendelea.

Shule yenye mkondo mmoja ina mwalimu mmoja wa darasa la nne. Mmoja. Akitaka kujua kama anafundisha kugawanya vizuri hana wa kumuuliza, kwa sababu jirani yake anafundisha la tatu na mwingine la tano. Mwaka mzima yuko peke yake na watoto thelathini, na mwezi wa sita watoto wale wanakaa mbele ya kompyuta kwa mtihani wa kuzidisha: maswali 25, kila swali sekunde 6. Mtihani huo umekuwa wa lazima tangu 2022. Matokeo yakiwa mabaya ni yeye, yakiwa mazuri ni yeye, na sababu haijui katika hali zote mbili.

Trasti yetu ina shule saba, kwa hiyo ghafla mwalimu huyu akapata wenzake wanaofundisha darasa lilelile.

Niwaelezee jioni moja, kwa sababu niliiona kwa macho yangu. Wajumbe wa kamati tulialikwa kukaa pembeni na kusikiliza. Ukumbi wa shule, zile meza fupi za chakula za watoto, watu wazima wamekunja magoti mpaka yanakaribia kidevu. Kila mwalimu wa darasa la sita alikuja na daftari tatu za insha: la mtoto anayeandika vizuri, la wa katikati, na la anayehangaika. Majina yamefunikwa kwa vikaratasi vya njano. Daftari zinazungushwa, kila mwalimu anaandika uamuzi wake kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake, halafu zinafunuliwa pamoja. (Huku uandishi wa darasa la sita hausahihishwi na baraza la mitihani, mwalimu mwenyewe ndiye anayeamua mtoto amefikia kiwango au la, kwa hiyo macho ya mwalimu ni kila kitu.)

Likaja daftari la shule yetu. Mwalimu wetu alikuwa ameliweka la mtoto anayeandika vizuri. Wenzake watano kati ya sita waliliweka la katikati. Ukumbi ukanyamaza. Akaliomba, akalisoma upya taratibu, halafu akauliza, "Wa kwenu anayeandika vizuri yukoje?" Wakampa daftari mbili. Alizisoma kwa muda mrefu. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kuhusu kisima kilichokauka, na sentensi zake zilikuwa fupi pale palipohitaji ufupi, ndefu pale palipohitaji urefu. Mwalimu wetu akasema, "Sikujua kuwa mtoto wa miaka 11 anaweza kufanya hivi, kwa hiyo sikuwahi kuwaomba wangu."

Ana miaka 14 kazini, na si mvivu hata kidogo. Hakuwahi kupata mahali pa kulinganisha, basi.

Kwa hiyo ukiniuliza trasti inaboresha elimu kwa njia gani, jibu langu ni jioni ile. Bei ya karatasi ikinunuliwa kwa pamoja inashuka, sawa. Nembo mpya, sawa. Lakini mtoto anafaidika pale mwalimu wake anapoacha kuwa peke yake.

---

Kisu_Kikali

Mkuu uzi mzuri ila unapamba. Huu ni ubinafsishaji mlango wa nyuma. Kampuni inapewa shule, mkurugenzi mtendaji analipwa mshahara kushinda waziri mkuu, halafu mnaambiwa ni hisani. Na wakiharibu nani anawajibika? Wazazi hamuwachagui wadhamini.

---

Hesabu_Kali

Nipo kwenye uhasibu wa shule huku miaka mingi, niongeze kidogo.

Kisu, faida haigawiwi, hilo ni kweli kisheria, na hesabu za kila trasti zinakaguliwa na kuwekwa hadharani kila mwaka. Mwaka wao wa fedha unaishia 31 Agosti. Mzazi yeyote anaweza kuzisoma, na mshahara wa mkurugenzi umo humo. Zipo trasti ambazo ukisoma unashangaa, upo sahihi hapo.

Wazazi waelewe aina mbili za fedha. Ya kwanza ni makato: trasti inachukua asilimia fulani ya fungu la kila shule kulipia mhasibu, wakili, watu wa rasilimali watu, wataalamu wa mahitaji maalumu. Ya pili ni kapu moja: trasti inachukua fungu lote la shule zote, inalimwaga pamoja, halafu inagawa upya inavyoona. Zote zinaruhusiwa. Kwa shule ndogo inayopoteza wanafunzi, kapu moja linaweza kuwa mkombozi. Kwa shule iliyojibana miaka kumi ikaweka akiba, kapu hilohilo linaweza kuuma sana.

Na kumbukeni Wakefield, mji wa kaskazini mwa England. Septemba 2017 trasti yenye shule 21 ilitangaza kwamba inaziachia zote, haiwezi tena kuziboresha. Baadhi ya shule zililalamika kuwa akiba zao zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye akaunti ya trasti.

---

MamaWawili

Hapo kwenye akiba ndipo mmenishtua. Shule ya wanangu ina akiba, wazazi tumeuza keki miaka mitano kwa ajili ya uwanja wa michezo. Hiyo nayo inaingia kwenye kapu?

---

Hesabu_Kali

Inategemea iko wapi, dada. Kama iko kwenye akaunti ya umoja wa wazazi uliosajiliwa kivyake, ni ya umoja. Kama mlishaikabidhi shule ikaingia kwenye vitabu vya shule, inakwenda na shule. Waulizeni kabla, na jibu litakalotolewa liandikwe. Msikubali la mdomo.

---

Mwl_Baharini

Habari zenu. Mimi nimefundisha msingi huku miaka tisa na nimeondoka, sababu mojawapo ni trasti. Nyota, ulichokiona ni kizuri na nakuamini. Mimi nilikutana na upande mwingine.

Trasti niliyokuwamo iliamua masomo yote yafanane. Kila Ijumaa zilikuja slaidi za wiki inayofuata, za kila somo, dakika kwa dakika. Jumatatu saa tatu na robo darasa la tatu katika shule zote lilikuwa kwenye slaidi ileile. Ilianza kama msaada, na kwa mwalimu mpya kweli ilikuwa msaada, haandai usiku. Baadaye ikawa ukaguzi. Mtu anapita na karatasi kuangalia umefika slaidi ya ngapi.

Nilikuwa na mtoto aliyekuja katikati ya mwaka, hajui Kiingereza. Slaidi ya tisa ilikuwa na picha ya mnara wa taa baharini. Akanyanyua mkono, akaanza kueleza kwa ishara, kwao kuna mnara kama ule, baba yake alikuwa baharia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunyanyua mkono tangu afike. Nilisimamisha somo, nikampa kalamu akachora ubaoni, darasa zima likamzunguka. Jioni niliitwa kuelezwa kuwa darasa langu limebaki nyuma slaidi sita.

Niliandika barua ya kuacha kazi mwisho wa muhula ule. Sikatai ushirikiano. Nakataa kufanywa msomaji wa slaidi mbele ya watoto ninaowajua kwa majina.

---

Nyota_ya_Asubuhi

Mwalimu, nimeisoma posti yako mara mbili, na yule mtoto wa mnara amenikaa moyoni. Asante kwa kuiandika.

Umegusa kitu ambacho kwenye kamati tulibishana mpaka saa nne usiku. Kufanana kwa kiwango na kufanana kwa kila neno ni vitu viwili. Kwenye jioni ya daftari, walimu saba walikubaliana mtoto mzuri anaandikaje, kisha kila mmoja akarudi kwake kutafuta njia ya kuwafikisha wake. Kwako walianza na njia, na wakaikaza.

Kuna sehemu nakubali kufanana kabisa: kusoma kwa watoto wadogo. Mtoto wa darasa la kwanza huku anapimwa kwa maneno 40, nusu ni maneno ya kweli na nusu ni ya kubuniwa, kuona kama anaweza kuunganisha sauti za herufi bila kukisia. Kipimo hicho kipo tangu 2012. Hapo, kama mwalimu wa awali anafundisha sauti kwa utaratibu mmoja na wa la kwanza anakuja na mwingine, anayechanganyikiwa ni mtoto. Trasti yetu ilichagua utaratibu mmoja, ikawafundisha mpaka walimu wasaidizi, na ikanunua vitabu vidogo vinavyoendana nao. Kwa shule yetu peke yake isingewezekana. Lakini historia? Sayansi? Mwache mwalimu apumue.

Kisu, umeuliza wakiharibu nani anawajibika. Ni swali la haki na sitalipaka rangi. Kwa miaka mingi Ofsted, yaani wakaguzi, wamekuwa wakikagua shule mojamoja, bila kukagua trasti yenyewe. Mwalimu mkuu anakosa usingizi kwa uamuzi uliofanywa na ofisi iliyo maili ishirini kutoka kwake. Hilo ni kosa la mfumo na nimelisema kwenye vikao.

---

Kisu_Kikali

Nashukuru umekiri. Swali la mwisho basi. Shule ikijuta inatoka vipi?

---

Nyota_ya_Asubuhi

Haitoki. Nalijibu kwa ufupi kwa sababu jibu lenyewe ni fupi. Shule haina njia ya kisheria ya kujitoa yenyewe, kwa kuwa haina tena nafsi ya kudai kutoka. Inaweza kuhamishiwa trasti nyingine kwa makubaliano na serikali, lakini kurudi ilikokuwa, hapana. Ndiyo maana nasema msidanganywe na neno "kujiunga". Klabu unajiunga na kujitoa. Hapa ni kama mto kuingia ziwani.

---

Mwl_Mstaafu

Vijana wangu, nimewasoma wote. Nimefundisha London tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa, nimestaafu.

Mnaongea kana kwamba kuna njia mbili tu, kuwa peke yako au kumezwa. Kulikuwa na London Challenge, mpango wa serikali wa kuinua shule za London, 2003 hadi 2011. Sekondari za London zilikuwa na sifa mbaya sana nchini. Marehemu Tim Brighouse, mtaalamu wa elimu, aliusimamia miaka ya mwanzo. Hawakuunganisha shule kisheria. Walichofanya ni kutafuta shule zinazofanana, watoto wa mazingira yaleyale, moja imefaulu na nyingine imekwama, wakaziambia zitembeleane. Mwalimu mkuu mzoefu anakaa na mwenzake siku nzima kwa wiki. Walimu wanakwenda kutazama somo, si kusikiliza hotuba. Mwaka 2008 shule za msingi nazo zikaingizwa.

Nilipelekwa kwenye shule moja ya jirani kumtazama mwalimu kijana, mdogo kwangu kwa miaka 20. Nilikwenda nimenuna. Alichofanya ni kidogo: akiuliza swali, alinyamaza. Alihesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kumteua mtoto. Mikono iliyokuwa mitatu ikawa kumi na tano. Mimi nilikuwa nimejibu maswali yangu mwenyewe kwa miaka 22.

Watu bado wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio ya London kilitokana na mpango ule, maana jiji lilikuwa linabadilika kwa njia nyingi. Mimi najua kilichobadilika darasani mwangu. Hakikuhitaji shule yangu ipoteze nafsi. Zipo pia shirikisho za shule, sheria ya 2002 iliruhusu shule kuwa na kamati moja zikiwa bado chini ya halmashauri. Waulizeni viongozi wenu kama njia hizo walizifikiria.

---

Nyota_ya_Asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Umenirekebisha na nimekubali. Sisi swali hilo hatukuliuliza kabisa. Ilikuwa 2022, serikali ilikuwa imetoka kutangaza mwezi wa tatu kwamba inataka kila shule iwe ndani ya trasti au njiani kuingia ifikapo 2030, na trasti ziwe na shule 10 au wanafunzi 7,500 angalau. Tuliona treni inaondoka. Kufika Desemba mwaka huohuo muswada uliokuwa uendane na mpango huo ukaachwa. Waliokimbia wakabaki wamekimbia. Hata 2016 ilikuwa hivyohivyo, shule zote zikaambiwa zitalazimishwa, na baada ya wiki chache serikali ikarudi nyuma. Kwa hiyo mkiambiwa "hatuna muda", ombeni muda.

Kuna walio na sababu tofauti. Shule iliyopewa daraja la chini kabisa na wakaguzi, sheria ya 2016 iliiwekea amri ya kuwa akademi, hapo kamati haikuwa na la kuchagua. Na shule inayopoteza watoto mwaka hadi mwaka, kwa kuwa fedha inafuata mtoto, inaweza kukosa hata ya kumlipa mwalimu wa mahitaji maalumu. Siwezi kumwambia mzazi wa shule hiyo asubiri.

---

MamaWawili

Dada Nyota kikao chetu ni wiki ijayo. Nipe maswali ya kwenda nayo, mimi si mtu wa sheria na huwa natetemeka nikisimama mbele za watu.

---

Nyota_ya_Asubuhi

Andika kwenye karatasi, usome, hakuna atakayekucheka.

Anza na hili: walimu wa shule hizi watakutana lini, mara ngapi kwa muhula, na nani atashika darasa wakati hawapo? Wakikujibu kwa tarehe, kaa usikilize. Wakikujibu kwa maneno makubwa kuhusu maono na ushirikiano, andika kwamba hawakujibu. Kwangu swali hili linazidi yote ya fedha.

Halafu omba kuona ile hati inayoonyesha nani anaamua nini, kila trasti inayo. Tafuta mistari mitatu tu: nani anamwajiri mwalimu mkuu, nani anapitisha bajeti ya shule, nani anaamua masomo yanavyofundishwa. Kama kamati ya shule haionekani hata kwenye mmoja, mjue.

Fedha muulize kama Hesabu_Kali alivyosema: makato asilimia ngapi, kuna kapu moja au la, na akiba yetu inakwenda wapi.

La mwisho, muulize mwalimu mkuu wa shule iliyoingia miaka mitatu iliyopita, asiwe yule waliyekuja naye kikaoni. Piga simu shuleni kwake uombe dakika kumi. Sisi hatukufanya hivyo. Sheria inawataka watake maoni, lakini inawaachia wao kuamua ni ya nani wayasikilize, kwa hiyo jipeleke, usingoje kuitwa.

---

MamaWawili

Nimeandika yote. Nitarudi kuwaambia.

---

Mwl_Baharini

Nyota, swali moja kutoka kwangu. Yule mwalimu wenu wa daftari, ikawaje?

---

Nyota_ya_Asubuhi

Bado yupo darasa la sita, Mwalimu. Aliomba nakala ya insha ya kisima, akaipata kwa ruhusa ya mzazi, jina limefutwa. Wiki iliyofuata aliwasomea watoto wake akawauliza sentensi ipi wangependa kuwa wameiandika wao. Ukutani kwake sasa kuna sentensi thelathini zilizokatwa kwa mkasi, kila mtoto na aliyoichagua, na chini yake nafasi tupu ya kubandika ya kwake. Nilipopita mara ya mwisho nafasi kumi na tisa zilikuwa zimejaa.

Alhamisi walimu wa darasa la nne wanakutana kwetu, zamu hii ni kugawanya. Meza ni zilezile fupi.